Tamthilia Baada ya Jukwaa: Kiswahili Juu ya Picha za Wengine

Maneno huhama nyumba bila kuaga. Kwa mtu aliyepita shule za sekondari za Tanzania au Kenya katika miaka ya 1970 na 1980, neno "tamthilia" lilikuwa jina la kitabu. Lilimaanisha *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, au *Mashetani* yake iliyofuata mwaka 1971: maandishi yenye majina ya wahusika pembeni, maelezo ya jukwaa katika mabano, na mtihani mwishoni mwa mwaka. Leo neno hilohilo likitajwa sebuleni, Dar es Salaam au Maskati, hakuna anayenyoosha mkono rafuni. Linamaanisha hadithi ndefu ya runinga, inayorushwa sehemu baada ya sehemu, iliyotoka Uturuki, China, India au Ufilipino, na ambayo wahusika wake, kwa muujiza uliokwisha kuzoeleka, wanasema Kiswahili.

Mabadiliko haya ya maana yanastahili kuangaliwa na wahakiki kuliko yalivyoangaliwa hadi sasa. Uhakiki wa Kiswahili umeendelea kushughulika na tamthilia ya kwanza kana kwamba ya pili haipo, na pale inapotajwa, hutajwa kama mshtakiwa. Mashitaka yenyewe yanajulikana: runinga inaua mila, inawafundisha vijana mapenzi ya kigeni na mavazi ya kigeni, inawatoa watu kwenye kitabu. Shahidi anayeitwa mara nyingi zaidi ni methali, "Mwacha mila ni mtumwa". Lakini methali hiyo inamzungumzia aliyeacha chake, na kumkaribisha mgeni hakujawa kuacha mila. Swali linalotangulia hukumu ni hili: picha za wengine zilipofika katika nyumba za Waswahili, wenyeji walifanya nini nazo?

Jibu halianzi na runinga. Nchini Tanzania runinga yenyewe ilikuja kwa njia mbili zisizolingana. Zanzibar ilianzisha kituo chake katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, tena cha rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilizokuwa na runinga zilikuwa bado na picha nyeusi na nyeupe. Bara ilingoja miaka ishirini. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona runinga kuwa anasa isiyofaa kutangulia maji, shule na zahanati, na ni mwaka 1994 tu vituo binafsi, ITV miongoni mwao, viliporuhusiwa kuonekana Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa, ambayo sasa ni TBC, ilikuja baadaye. Kenya ilikuwa na runinga tangu mwaka 1962, kabla ya uhuru. Kwa hiyo kizazi kizima cha Watanzania wa Bara kilikua na redio peke yake, na aliyezoea kusikiliza redio huwa amejifunza jambo moja: sauti ndiyo inayobeba hadithi, na picha huitia mwenyewe kichwani.

Redio hiyo ndiyo iliyotoa ushahidi ulio wazi kuliko wowote kwamba vyombo vya habari vinaweza kweli kubadili mwenendo wa jamii. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo ulioitwa *Twende na Wakati*, ulioandikwa kwa Kiswahili na kuigizwa na Watanzania, ukihusu uzazi wa mpango na ukimwi. Mhusika wake aliyekumbukwa zaidi, Mkwaju, ni dereva wa lori mwenye wanawake katika njia zake zote, na mwisho wake ni ugonjwa. Kwa miaka miwili ya mwanzo, Dodoma iliachwa bila mchezo huo kwa makusudi, ikarushiwa vipindi vingine, ili watafiti, Everett Rogers akiwa mmoja wao, waweze kulinganisha. Katika maeneo yaliyousikia mchezo, matumizi ya njia za uzazi wa mpango yaliongezeka kuliko Dodoma.

Mhakiki wa fasihi anaweza kuichukulia habari hiyo kuwa ya wataalamu wa afya. Afanyapo hivyo huikosa sehemu yake iliyo muhimu kwake. Watafiti hao waliona kwamba nguvu ya mchezo haikutoka redioni moja kwa moja na kuingia kichwani mwa msikilizaji. Ilipita katika mazungumzo: mume na mke waliojadili aliyoyafanya Mkwaju, majirani waliobishana juu ya mkewe Tunu. Hadithi ilifanya kazi kwa sababu ilizungumzika, na ilizungumzika kwa sababu ilisemwa kwa lugha ambayo watu walikwisha kubishana nayo maisha yao yote. Hapa ndipo kipimo cha kuhukumia runinga kinapopatikana. Chombo cha habari huitajirisha jamii kadiri kinavyoiachia nafasi ya kujibu, na huifukarisha kadiri kinavyoinyang'anya nafasi hiyo.

Kwa kipimo hicho, mtu wa kwanza anayestahili sura katika historia ya tamthilia mpya hakuwa mwajiriwa wa kituo chochote. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, ambavyo wateja wenyewe waliviita "vibanda umiza" kwa jinsi mabenchi yake yalivyowaumiza, filamu za Marekani, India na Hong Kong zilionyeshwa kwa watu ambao wengi wao hawakujua Kiingereza, Kihindi wala Kichina. Akajitokeza mtu wa kueleza. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliifanya kazi hiyo kuwa sanaa: kwanza akisimama mbele ya watazamaji, kisha akiirekodi sauti yake juu ya kanda zilizouzwa na kukodishwa mitaani. Kenya, DJ Afro akapata umaarufu kwa kazi ya namna hiyo, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Uganda, wenzao walifanya vivyo hivyo kwa Kiganda. Matthias Krings, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu jinsi Waafrika walivyozifanya kazi za kigeni kuwa zao, aliwapa wasimulizi hawa nafasi ambayo wahakiki wengi wa Kiswahili walikuwa hawajawapa.

Alichofanya Lufufu hakiingii katika maana ya kawaida ya tafsiri. Sauti moja ilibeba wahusika wote, wanaume kwa wanawake. Palipokuwa na mazungumzo marefu, alifupisha. Palipokuwa na kimya, alijaza. Alieleza kwa nini mzungu amekasirika, alitabiri kifo kinachokuja, alimcheka shujaa aliyeingia mtegoni kwa ujinga wake. Mtazamaji alisikia hadithi na maoni juu ya hadithi kwa wakati mmoja. Mwenye kuzoea vitabu huliona hilo kuwa kosa dhidi ya kazi asilia. Mwenye kuijua historia ya fasihi ya Kiswahili hana budi kukumbuka kwamba fasihi hiyo ilianza kuandikwa kwa kufanya jambo hilohilo. *Utenzi wa Tambuka*, ambao nakala yake kongwe ni ya mwaka 1728, unasimulia vita baina ya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi: habari ya mbali, ya karne nyingi nyuma, iliyofika Pwani kwa Kiarabu. Mwengo wa Athumani wa Pate hakuifasiri sentensi kwa sentensi. Aliipa vina na mizani ya kwao, akaisimulia kwa watu wa kwao, akisimama baina yao na habari ile ili waione kupitia kwake. Watunzi wengi wa tenzi za maghazi walifanya hivyo. Kibanda umiza kilikuwa na jasho na kelele kuliko baraza ya Pate, lakini nafasi aliyosimama msimulizi ni ileile.

Lisidhaniwe kuwa ni sifa tupu. Msimulizi wa kibandani alikuwa na uhuru ambao si kila mara aliutumia vizuri. Utani juu ya wanawake na kejeli za kikabila ziliwapatia wasimulizi wengi vicheko vya bei rahisi, na kanda zenyewe ziliuzwa bila mwenye filamu kulipwa senti moja. Pamoja na hayo, msimulizi hakumdanganya mtazamaji juu ya jambo moja la msingi: kwamba picha hii imetoka kwingine, na kwamba kati yako na picha yupo mtu wa kwenu anayekueleza kama anavyoona yeye. Ungeweza kumkubali au kumzomea.

Hatua iliyofuata ilimwondoa mtu huyo. Mwishoni mwa mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyopewa jina la *Doudou na Mama Wakwe Zake*, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili studioni, kila mhusika na sauti yake. Kisa chake ni cha mke kijana wa Beijing aliyejikuta kati ya mama wakwe wawili, mzazi na wa kambo wa mumewe. Tamthilia ilipendwa, hata Rais Xi Jinping akaitaja alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013 kama mfano wa Watanzania kuyajua maisha ya Wachina wa kawaida. Ni nadra kwa kazi ya sanaa kutajwa na mkuu wa dola katika hotuba ya sera za nje, na kutajwa huko ni ushahidi kwamba waliogharamia sauti zile walijua wanachonunua. Baadaye kampuni ya StarTimes, iliyoingia Tanzania kwa ubia na TBC na kuuza ving'amuzi vyake wakati mitambo ya analojia ikizimwa, iliendesha mashindano ya kutafuta wenye sauti nzuri, na washindi wakaenda kufanya kazi Beijing.

Kwa nini Doudou alipendwa? Wenye kuogopa utamaduni wa kigeni wangetegemea apendwe kwa ugeni wake, lakini mafanikio yake yaliegemea jambo ambalo Mswahili hakuhitaji kufundishwa, yaani mama mkwe. Lugha yenye maneno mkwe, mkwilima, wifi, shemeji na mkaza mwana, na yenye desturi ndefu ya mafumbo ya ukweni katika kanga na nyimbo, ilikuwa imekwisha kumwandalia Doudou kiti. Kiswahili kilimpa hata zaidi ya alichokuwa nacho. Kila mfasiri wa kazi ya namna hii hulazimika kuamua iwapo mke kijana anapoingia chumbani aseme "shikamoo", na akishasema, mtazamaji ameambiwa jambo juu ya heshima na umri ambalo mwandishi wa Kichina hakuliandika kwa namna hiyo. Aliyeamua ameandika. Amekuwa mtunzi mwenza, ingawa hakuna anayemwita hivyo.

Ufundi nao una amri zake. Sauti ya studioni hufuata midomo. "Nakupenda" ina silabi nne. Mchina hulisema jambo hilo kwa silabi tatu, Mturuki kwa sita. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa katika neno moja, jambo linalomsaidia mfasiri mahali na kumbana mahali pengine, naye hulazimika kuchagua maneno kwa urefu wake kabla ya maana yake. Methali, ambazo ndizo uti wa mgongo wa mazungumzo ya watu wazima Pwani, mara nyingi ni ndefu mno kwa mdomo uliokwisha kufumbwa. Lufufu angeweza kuitia methali wakati gari linapita barabarani. Mtia sauti wa studioni hana barabara hiyo. Hivyo Kiswahili kinachosikika katika tamthilia nyingi za leo ni safi, kinaeleweka kila mahali, na kina upungufu wa chumvi.

Chumvi hiyo ni suala zito zaidi kwa Waswahili wa ng'ambo. Mwaka 2008 kituo cha MBC kilirusha katika nchi za Kiarabu tamthilia ya Kituruki iliyopewa jina la *Noor*. Kwao Uturuki haikuwa imetikisa sana; kwa Waarabu ikawa tukio. Waliotafuta sababu walitaja uamuzi wa lugha: tamthilia za Meksiko zilizotangulia katika miaka ya 1990 zilitiwa Kiarabu fasaha cha vitabu, ilhali *Noor* ilisema Kiarabu cha Sham, cha jikoni na sebuleni. Familia za Maskati zenye asili ya Zanzibar zilikuwa miongoni mwa watazamaji wa ulimwengu huo wa Kiarabu. Zinapoletewa leo tamthilia ya Kituruki kwa Kiswahili, zinasikia Kiswahili sanifu chenye lafudhi ya Dar es Salaam, ambacho si cha bibi. Kiunguja cha Mji Mkongwe, Kimvita, Kiamu na Kingwana cha Lubumbashi haviingii studioni.

Wala haikuwa lazima iwe hivyo, kwa kuwa runinga ya Afrika Mashariki iliwahi kuzichukua lafudhi na kuzifanya wahusika. Katika *Vitimbi* ya Kenya, Benson Wanjau alimwigiza Mzee Ojwang kwa Kiswahili chenye matamshi ya Kijaluo, ingawa yeye mwenyewe alizaliwa Mkikuyu, na taifa zima likamcheka na kumpenda kwa miaka mingi hadi kifo chake mwaka 2015. Usanifishaji ulioanzishwa na Kamati ya Lugha mwaka 1930 ulihitajika kwa vitabu vya shule na magazeti. Mhusika wa tamthilia hahitaji kusahihishwa. Anahitaji kutoka mahali fulani. Kijana wa Leicester au Columbus, Ohio, ambaye sasa hujifunza Kiswahili kwa tamthilia hizi zaidi ya anavyojifunza kwa kitabu, anapata lugha isiyo na mahali, na akimpigia simu bibi yake wa Pemba hushangaa kwamba bibi "anakosea".

Mfano unaoyakusanya yote haya ni *Sultan*, tamthilia ya Kituruki juu ya Sultan Suleiman, aliyetawala tangu 1520 hadi 1566, na Hurrem, mjakazi aliyepanda akawa mke wake. Azam TV iliirusha kwa Kiswahili na ikavuta watazamaji wengi. Hapa lugha haikukuta kiti kitupu, kwani neno "sultani" lina historia yake Pwani, na kwa Zanzibar historia hiyo ilikatika kwa damu mwezi Januari 1964. Nyumba nyingi za Waswahili walioko Oman na Uingereza ziko huko kwa sababu ya mwezi huo. Neno "suria" ni zito zaidi. Sayyida Salme, binti wa Said bin Sultan aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo anaeleza juu ya mama yake, suria aliyetoka Sherkasi, na juu ya wivu, vyeo na urafiki wa wanawake wa jumba lile. Hiyo ni hadithi iliyo karibu sana na ya Hurrem, nayo ilitokea hatua chache kutoka Bububu. Pembeni mwake wapo masuria wa Kiafrika na vizazi vyao, ambao hawakuandika kumbukumbu, na ambao wajukuu wao wengine wanaitazama *Sultan* katika mtaa uleule na wajukuu wa wenye majumba.

Watazamaji hao wawili hawaoni tamthilia moja. Mmoja anaona fahari iliyopotea. Mwingine anaona kitanda alichouziwa bibi yake. Msimulizi wa kibandani, kwa ulimi wake usio na adabu, huenda angelisema hilo kwa sauti, na banda lingegawanyika. Sauti ya studioni haiwezi kulisema. Kazi yake ni kumfanya Hurrem aonekane amezaliwa akisema Kiswahili. Utumbuizo huo laini ndio hatari ambayo wenye kuishitaki runinga hawaitaji. Wanahofia kwamba picha ya kigeni itawafanya Waswahili wawe Waturuki. Linalotokea ni kwamba jumba la Istanbul linavaa maneno ya Mtoni, na maneno hayo yanaoshwa taratibu yale yaliyotokea Mtoni.

Dawa yake haipo katika kuizima runinga, na wala kuwarudisha watu kwa nguvu kwenye *Kinjeketile* hakutasaidia. Mambo mawili yamo ndani ya uwezo. La kwanza ni la wenye vituo: tamthilia ya kununua na kutiwa sauti ni rahisi kuliko ya kuandikwa na kuigizwa nyumbani, na soko likiachwa peke yake litachagua rahisi. *Twende na Wakati* ilionyesha miongo mitatu iliyopita kwamba hadithi iliyoandikwa kwa ajili ya watu wanaoisikiliza huwaingia kwa kina, na ilikuwa ya redio, kwa gharama ya redio.

La pili ni la wahakiki. Msomaji wa Kiswahili anajua kwamba *Julius Caezar* ilifasiriwa na Nyerere, na yapo makala yanayoyapima maneno yake moja moja. Ni wachache wanaoweza kumtaja aliyeandika Kiswahili cha *Sultan* au cha Doudou, ambacho kimesikiwa na watu wengi kuliko walioisoma *Julius Caezar*. Maamuzi yake juu ya "suria" na "shikamoo" yanapita bila kusomwa, na kanda za Lufufu, zilizouzwa kwa maelfu, zinaoza katika maduka yaliyofungwa. Kazi isiyosomwa na mhakiki haipungui nguvu kwa sababu hiyo. Hukosa tu mtu wa kuijibu. Msikilizaji wa mwaka 1993 alikuwa na jirani wa kubishana naye juu ya Mkwaju. Mtazamaji wa leo, peke yake na simu yake huko Minneapolis, anahitaji jirani huyo zaidi, na uhakiki ni mojawapo ya sehemu chache anakoweza bado kumpata.